Marekani: mkopo wa nyumba wa mwanajeshi, dhamana ni ya nani?
Wengi hudhani serikali ya Marekani huwakopesha wanajeshi na wastaafu wa jeshi fedha za nyumba. Sivyo. Tangu sheria ya 1944, benki ndiyo hukopesha. Serikali hudhamini, kwa kawaida robo ya mkopo, na mwanajeshi anaweza kununua bila malipo ya awali. Ila mdhamini humlipa mkopeshaji, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kumdhamini jirani kikundini. Mpango wa kuwanusuru waliokwama marejesho ulipofungwa Mei 1, 2025, wastaafu walikosa kimbilio hilo, na tunaona hapo ndipo udhaifu ulipojitokeza. Julai 30 Rais Trump alitia saini sheria inayoiruhusu serikali kulipa malimbikizo. Deni halifutwi: hulipwa nyumba ikiuzwa au mkopo ukimalizika.