Habari ya Msiba na Simu ya Mkononi

Tangu WhatsApp ilipoanza mwaka 2009, ukoo uliotawanyika kwa uhamisho wa kazi umepata baraza jipya. Mwalimu aliyepangiwa Kigoma hushiriki kikao cha arusi ya mdogo wake Tanga, na mchango wa kumtibu mzazi hupatikana kwa siku moja. Anayeibeza faida hiyo hajapata kuuguliwa akiwa mbali.

Lakini liko jambo lisilovumilika. Basi hupinduka, na kabla majeruhi hawajafikishwa hospitali, picha za maiti zimekwisha kuzagaa. Mama huitambua kanga ya bintiye katika simu, pasipo mtu wa kumshika mkono. Desturi ya kuwatuma wazee kupeleka habari ya kifo ilikuwa na maana yake.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huadhibu uenezaji wa habari za uongo. Picha ya ajali, kwa bahati mbaya, mara nyingi ni ya kweli. Watumishi na walimu, ambao aghalabu ndio wasimamizi wa makundi hayo, wanao uwezo wa kuifuta. Waifute mara moja, na wamwulize aliyeileta kama wazee wamekwisha kufika nyumbani kwa marehemu.