Kabla ya kumwaga sumu mtoni, tujaribu ndoano inayong'aa

Masisi na Walikale zikitajwa katika habari, ni vita, wakimbizi au madini. Ni haki zitajwe hivyo. Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-Centre, Sake, Goma na mwishowe Walikale-Centre, na maelfu ya jamaa walikimbia wakiacha mashamba na mifugo. Lakini kuna kitu kingine kinachokufa pole pole, na hakuna anayekihesabu: samaki wa mito yetu midogo.

Mwenyeji wa Kivu ya Kaskazini anajua sababu. Ya kwanza ni sumu. Zamani wazee walitwanga majani ya utupa, wakayatia katika kijito wakati wa kiangazi, kwa siku iliyopangwa na kijiji kizima. Leo mtu mmoja ananunua chupa ya dawa ya mashamba na kuimwaga usiku. Ya pili ni chandarua. Kinatolewa ili mtoto asiumwe na mbu, kisha kinageuzwa kuwa wavu. Matundu yake hayaachi hata kifaranga cha samaki kipite, na dawa iliyo ndani yake, ile inayoua mbu, ni sumu kali kwa samaki na kwa vidudu vya majini. Ya tatu ni matope ya machimbo, yanayofunika mawe ambamo samaki wanatafuta chakula.

Maoni yangu ni haya: tusimame tu na kusema «acheni», hatutafika mbali. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inakataza kutupa majini vitu vya kuyachafua, lakini nani ataisoma kando ya mto Oso saa sita za usiku? Mtu mwenye njaa anahitaji njia nyingine mkononi. Mojawapo ni ndogo, ya bei ya chini, na hapa kwetu karibu hakuna anayeifundisha: kufunga chambo bandia, yaani kidudu cha nyuzi juu ya ndoano ndogo, chenye mwili unaong'aa.

Wengine watacheka. Wasikilize kwanza.

Mtu akigeuza jiwe katika maji safi, ataona vijiminyoo vyembamba, vingine vyekundu. Hao ni watoto wa vidudu vinavyofanana na mbu lakini haviumi, vile vinavyocheza kwa makundi juu ya maji jioni. Vinakaa chini katika matope, kisha siku ya kugeuka vinapanda juu ili vitoke na mabawa. Wakati huo hewa inajikusanya chini ya ngozi yao na kuwafanya wang'ae kama fedha. Samaki anaona mng'ao huo, anajua chakula kiko njiani, tena hakiwezi kukimbia. Ndiyo maana wavuvi wa nchi nyingi wanavisha ndoano uzi wa kumetameta, waya mwembamba au utepe wa plastiki yenye rangi ya fedha. Hawatafuti urembo. Wanaiga ile hewa.

Nguvu ya mwanga si kitu kigeni kwetu. Sambaza wa ziwa Kivu, walioletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, wanavuliwa usiku kwa taa. Kila mtoto wa Goma ameona taa hizo zikielea gizani. Tofauti ni kwamba taa inaita kundi zima, na mng'ao wa ndoano unamwita samaki mmoja.

Vifaa? Ndoano ndogo sana, namba 16 hadi 20, na tukumbuke kwamba namba ikipanda ndoano inapungua. Uzi mweusi wa fundi cherehani. Waya wa shaba kutoka moto ya redio iliyokufa au chaja iliyoharibika. Karatasi ya ndani ya biskuti, ile yenye kung'aa, ikikatwa vipande vyembamba kama jani la nyasi. Mtu anafunika shingo ya ndoano kwa uzi, anafunga waya kwa nyuma, anauzungusha kwenda mbele akiacha nafasi sawa kati ya mzunguko na mzunguko, anafanya kichwa kidogo kwa uzi, kisha anaweka tone la verni ya kucha. Katika maji yenye matope kidogo, karatasi ya biskuti inaonekana zaidi kuliko waya. Katika maji meupe, waya unatosha, kwa sababu mng'ao mwingi unamtisha samaki. Mti mrefu wa mwanzi na kamba iliyofungwa kwenye ncha vinatosha. Katika milima ya Japani wavuvi walifanya hivyo hivyo na kuuza samaki wao, bila mashine yoyote ya kuvuta kamba.

Kazi hii inaweza hata kuzaa pesa. Kenya ni mfano wa karibu. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan alileta samaki trauti kutoka Scotland na kuwaachilia katika mto Gura, milima ya Aberdare. Masetla walihitaji ndoano za manyoya, wenyeji wakajifunza kuzifunga, na hadi leo mafundi wa Nairobi na kandokando yake, wengi wao akina mama, wanazifunga kwa mkono na kuziuza Ulaya na Marekani. Wakoloni walikwenda, ufundi ulibaki. Sisi tunachimba bati kule Bisie, bati linalounganisha nyaya ndani ya simu za dunia nzima, kisha simu hizo zinarudi kwetu na kufia kwetu. Waya wake ungeweza angalau kumpatia mtoto samaki.

Kuna pingamizi tatu, na zote zina uzito. Moja: ndoano haiwezi kulisha soko. Kweli. Haitachukua nafasi ya wavu halali katika maziwa ya Mokoto, wala haitashusha bei ya makayabu na tomson. Inaweza kuleta mboga ya jioni kwa jamaa moja, na inaacha vifaranga hai kwa mwaka unaokuja. Mbili: haimfai kila samaki. Kweli pia. Kambale wa matope hataitazama. Inawafaa wale wanaokula vidudu, kama tilapia na samaki wadogo wa mito ya mawe. Tatu: usalama. Hakuna ndoano inayostahili uhai wa mtu, na mahali ambapo kwenda mtoni ni kukutana na mwenye silaha, mtu abaki nyumbani.

Lakini palipo na utulivu, hata kidogo, vyuo vya ufundi, parokia na mashirika ya kiraia yanaweza kuanza na meza moja, vijana kumi na paketi ya ndoano. Wajaribu katika Lowa pale Walikale, katika Oso kule Masisi, waandike kila siku walichopata na rangi ya maji ilivyokuwa. Wami na wakubwa wa vijiji nao wana kazi: kutenga vipande vya kijito ambamo ndoano tu inaruhusiwa, na kumwita mbele ya baraza yule anayemwaga dawa.

Faida kubwa zaidi haiko hata katika sufuria. Anayevua kwa kuiga kidudu analazimika kukijua kidudu, kugeuza mawe, kutazama maji. Siku atakapogeuza jiwe akakuta hakuna kitu chini yake, atajua, mbele ya daktari na mbele ya serikali, kwamba mto ambao watoto wake wanachota maji umetiwa sumu. Na mtu huyo hatanyamaza, kwa sababu chakula chake kilikuwa chini ya jiwe hilo.