Barabara za misituni: Funzo la Aberdare kwa Kisii na Nyamira

KATIKA nyanda za juu za Gusii, ubovu wa barabara ni hasara inayoonekana kwa macho. Mkulima wa majani chai au ndizi ambaye gari lake limekwama matopeni hahitaji kufafanuliwa faida ya lami. Hata hivyo, hasara ya barabara iliyopitishwa mahali pasipofaa huchelewa kujitokeza, na mara nyingi humwangukia mtu aliye mbali nayo.

Mvutano huu ulidhihirika katika msitu wa Aberdare. Serikali ilipopania kujenga barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru ili kuunganisha Nyeri na Nyandarua, wengi waliishangilia. Mapema mwaka wa 2024, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) iliidhinisha mradi huo. Wahifadhi walielekea mahakamani, nayo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikausitisha kwa muda.

Wataalamu hawasemi kwa sauti moja. Kwa mtazamo wa kihandisi, barabara yenye mitaro na makalvati yaliyopimwa vyema humomonyoa udongo kidogo kuliko njia ya udongo iliyotelekezwa. Wataalamu wa ikolojia nao huonya kwamba madhara makubwa huja baada ya tingatinga kuondoka, pale wachoma makaa, wapasua mbao na wanyakuzi wa ardhi wanapoitumia njia hiyo. Utafiti kuhusu msitu wa Amazon uliochapishwa mwaka wa 2014 ulibaini kuwa karibu asilimia 95 ya ukataji miti ulitokea umbali usiozidi kilomita 5.5 kutoka barabarani, au kilomita moja kutoka mito mikubwa.

Mwaka huo huo, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti.

Kisii haina Aberdare wala Serengeti. Sensa ya 2019 ilionyesha kaunti hiyo ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba, na misitu iliyosalia, kama vile Nyangweta, ni michache na midogo. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Mto Gucha, unaoitwa pia Kuja, huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukapitia Kisii na Migori hadi Ziwa Victoria. Udongo unaoporomoka kutoka mlima uliochongwa vibaya huishia katika maji ya mwananchi wa Migori ambaye hakuulizwa lolote.

Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inataka athari zitathminiwe kabla ya ujenzi. Tathmini inayofanywa baada ya mwanakandarasi kupewa kazi huwa muhuri tu. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zinazosimamia barabara nyingi za mashinani, hazina budi kuwaita wataalamu njia ingali mchoro kwenye karatasi, na kuwasikiliza pia wanaoishi chini ya mlima.