Milima ya Baba Neema

Mwezi huu mtatuwia radhi, akina mama wenzetu. Tuliahidi kuendelea na habari za vijana na posa, lakini nyumbani kwetu kumeingia jambo lililotuchukulia jioni zote, na kusema kweli hatuna jingine kichwani.

Baba Neema amestaafu. Mafao yalipotoka, tukamshukuru Mungu, na wiki moja baadaye akaweka mezani, kati ya bakuli la mchicha na ugali, karatasi iliyokunjwa mara nne. Tulidhani ni mchoro wa kile kiwanja cha Himo. Kumbe ni orodha ya milima ya Ulaya: Ghisallo, Mortirolo, Gavia, Stelvio, Alpe d'Huez, Galibier na Ventoux. Ni ile wanayopanda waendesha baiskeli wa mashindano makubwa ya Italia na Ufaransa. Yeye naye ataipanda yote kwa siku kumi, na kutoka mlima hadi mlima atapanda treni. Wifi yetu anaishi Milano miaka mingi, kwa hiyo kitanda kipo.

Tulinyamaza siku mbili. Ninyi mnajua kunyamaza kwa namna hiyo. Bati la jikoni linavuja, Neema amebakiza miaka miwili chuoni, na mwenye nyumba ana shinikizo la damu! Siku ya tatu tukamwuliza kwa upole, "Baba Neema, kwa nini milima?" Akajibu kwamba kwa miaka 34 ameendesha baiskeli kwenda kazini na kurudi, wala haijampeleka hata siku moja mahali alipochagua mwenyewe.

Hapo hasira ilipungua. Tukakubaliana hivi: kwanza ada ya Neema ya miaka yote miwili iwekwe katika akaunti ya peke yake, kisha bati, na kinachosalia ndicho cha safari. Sharti la pili ni kwamba tunakwenda wote. Akacheka, akasema, "Mama Neema, na wewe utapanda?" Tukamwambia alete ramani.

Ramani ilisema mengi ambayo orodha haikusema. Chukua Alpe d'Huez, yenye kona 21 zilizopewa namba, ambako Fausto Coppi alishinda mwaka 1952 mashindano yalipofika huko mara ya kwanza. Stesheni kubwa ya karibu ni Grenoble, na kutoka hapo hakuna treni ya kukufikisha chini ya mlima. Kuna barabara ya kilomita kama 50. Tena katika treni nyingi za kasi za Ufaransa baiskeli hufunguliwa magurudumu na kutiwa kwenye mfuko, au ulipie nafasi yake mapema, nafasi zenyewe zikiwa chache. Baba Neema mwenye mzigo, akibadili treni mara tatu, na sisi nyuma na masanduku! Ufaransa yote tukaifuta kwa kalamu.

Upande wa Italia mambo yalikaa vizuri kuliko tulivyotegemea. Kuna reli moja itokayo stesheni kuu ya Milano, inapita kando ya ziwa Como na kuishia Tirano, mpakani na Uswisi. Treni zake ni za mkoa, si za kasi. Baiskeli huingia nzima katika behewa lenye alama ya baiskeli, ikiwa na tiketi yake, ilimradi nafasi ipo. Kwa hiyo tutaepuka saa za watu kwenda kazini. Tiketi ya karatasi hupigwa mhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, maana usipofanya hivyo unaweza kutozwa faini hata kama umelipa. Wifi ametuonya habari hiyo mara mbili.

Kwa mwendo wa saa moja hivi unafika Varenna. Hapo unateremka, unavuka ziwa kwa feri kwa dakika kama 15 hadi Bellagio, na kutoka Bellagio barabara inaanza kupanda kwenda Ghisallo, mita 754 juu ya usawa wa bahari. Kwetu sisi wa chini ya Kilimanjaro kimo hicho si kitu, Moshi mjini tu kunakizidi, lakini mwanzo wa barabara ile ni mkali. Juu kuna kanisa dogo la Bikira Maria, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1949 kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Kuta zimejaa baiskeli na fulana za mabingwa, na taa huwaka daima kwa ajili ya wapanda baiskeli waliofariki. Kwa upande wa pili kuna njia ya upole zaidi kutoka stesheni ya Asso, kilomita kama nane. Hiyo ndiyo yetu sisi. Yeye atoke ziwani, sisi tutoke Asso, tukutane mlangoni pa kanisa.

Lakini ndani ya kanisa hilo kuna kitu ambacho tangu tusome habari zake hakituachi. Ni baiskeli iliyovunjika. Ilikuwa ya Fabio Casartelli, kijana wa maeneo hayo hayo, aliyeshinda mbio za Olimpiki mwaka 1992. Tarehe 18 Julai 1995, katika milima ya Pyrenees, alianguka akiwa anashuka, akagonga kichwa, akafa. Alikuwa na miaka 24, hakuwa amevaa helmeti, na aliacha mke na mtoto mchanga. Alikuwa anashuka, ndugu zangu, hakuwa anapanda! Sisi tulikuwa tunaogopa moyo wa Baba Neema kwenye kupanda, na daktari amekwisha kutujibu hilo: apande polepole, ameze dawa zake, na Mortirolo aiache, kwa kuwa ule unapanda mita 1,300 hivi katika kilomita 12 tu. Habari za kushuka hatukumwuliza.

Mwezi uliopita Baba Neema alikwenda kufanya mazoezi hadi lango la Marangu. Akirudi, waya wa breki ya nyuma ukakatika. Alijitupa kwenye migomba, akarudi nyumbani na goti limechubuka, akatuambia ameteleza bafuni. Tulijua ukweli kwa fundi wa baiskeli.

Kwa hiyo umebaki Stelvio. Tirano hadi Bormio ni kwa basi, na Bormio wanakodisha baiskeli nzuri, basi hakuna haja ya kubeba yake kwenye ndege. Kutoka Bormio ni kilomita 21 na nusu hadi juu, zaidi ya mita 2,750, katika barabara iliyojengwa miaka ya 1820. Theluji huifunga wakati wa baridi, na kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei au Juni. Tumechagua mwanzo wa Septemba, joto likipungua na wenye likizo wakirudi makwao. Maombi ya viza hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, nayo hutaka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Tusingeipunguza hata kama wangeturuhusu.

Tumemwambia ashuke Stelvio akisimama kila baada ya kona tano, mikono ipumzike na breki zipoe, na sisi tutakaa Bormio tukitazama saa. Yeye anataka kushuka mfululizo kama wale wa mashindano. Hatujaafikiana. Helmeti imekwisha nunuliwa, inaning'inia nyuma ya mlango. Jumamosi anakwenda tena Marangu, na safari hii fundi atakagua breki zote mbili mbele ya macho yetu.