Chakula Hakisafiri Peke Yake

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, mtu mwenye njaa hapati taabu kuona mgahawa wa Kichina, wa Kitaliano au wa Kihindi. Piza na wali wa kukaanga vimekwisha kuwa vyakula vya kila siku huko, na watoto huvila bila ya kukumbuka kwamba viliwahi kuwa vyakula vya wageni. Lakini mtu huyo huyo akitafuta mgahawa wa Kirusi, aghalabu atazunguka sana kabla ya kuuona. Jambo hilo lastahili kuulizwa sababu yake, kwa kuwa Urusi ni nchi kubwa kupita zote duniani kwa eneo, na watu waliotoka katika ardhi yake kwenda kuishi ugenini wanahesabika kwa mamilioni.

Jibu la haraka ni kwamba chakula cha Kirusi hakina ladha. Husemwa kuwa ni chakula cha nchi ya baridi: kabichi, viazi, bitiruti, mkate mweusi, uji mzito na malai machachu, hakina pilipili wala harufu ya viungo. Jibu hilo ni jepesi, na tena lina hatari ndani yake. Kutoka kusema kwamba chakula cha watu fulani hakipendwi, hadi kusema kwamba watu hao hawajui kupika, na kutoka hapo hadi kuwadharau wenyewe, ni mwendo mfupi sana. Mwalimu anayefundisha habari za mataifa mengine, na mtumishi wa Serikali anayekutana na wageni, hawana budi kulipima jibu hilo kabla ya kulikubali.

Likipimwa, halisimami. Saladi iliyobuniwa na mpishi Lucien Olivier katika mgahawa wa Hermitage mjini Moscow, katika miaka ya 1860, leo huandaliwa katika nyumba za Iran kwa ajili ya karamu. Na Hispania huuzwa kila mahali kwa jina la saladi ya Kirusi. Nchini Brazil, nyama iliyopikwa katika mchuzi wa malai, na yenye jina la ukoo wa Kirusi wa Stroganov, huliwa na wali mweupe siku yoyote ya juma, na wengi wanaoila hawaikumbuki Urusi hata kidogo. Mjini Shanghai, supu ya Kirusi iitwayo borshi ilipokewa na Wachina, wakaondoa bitiruti wakatia nyanya, nayo ikaenea hadi Hong Kong. Mjini Harbin, kaskazini mashariki mwa China, mkate mkubwa wa Kirusi ungali ukiokwa, na jina lake limetokana na neno la Kirusi lenye maana ya mkate. Vinywa vya Wairani, Wabrazili na Wachina havikuikataa ladha hiyo. Basi kinachopungua si ladha.

Ukweli ni kwamba chakula hakisafiri peke yake. Hubebwa na watu, na watu hao huondoka kwao kwa sababu fulani, hufika ugenini wakiwa na hali fulani, na hufanya kazi ile ambayo sheria na soko la huko vinawaachia. Chakula kinachoenea, mara nyingi, ni kile ambacho wenyewe walilazimika kukiuza ili waishi.

Wachina wa Marekani ni ushahidi wa kwanza. Mwaka 1882 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie. Wafanyabiashara hawakuzuiwa. Mwaka 1915 mahakama ilikubali kwamba mwenye mgahawa naye aweza kuhesabiwa kuwa mfanyabiashara. Tangu hapo, Mchina aliyetaka kwenda kuwaona wazazi wake na kurudi, au kumleta ndugu yake, alikuwa na sababu kubwa ya kutafuta sehemu katika mgahawa. Migahawa ikaongezeka, na vyakula vikageuzwa vilingane na vinywa vya wenyeji. Sheria ile ilifutwa mwaka 1943, lakini migahawa ilikuwa imekwisha ota mizizi. Mmarekani anayekula chakula cha Kichina leo anakula pia matokeo ya sheria ya ubaguzi, ingawa hajui.

Ushahidi wa pili ni Ujerumani, ambako mataifa mawili ya wageni yanaweza kulinganishwa katika nchi moja. Mwaka 1961 Ujerumani ya Magharibi ilifanya mapatano na Uturuki ya kuleta wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1973 uajiri huo ulisimamishwa. Waturuki wengi waliokuwa wamekwisha fika walibaki, wakaleta jamaa zao, na kazi za viwandani zilipopungua, baadhi yao walifungua vibanda vya kuuza nyama ya kuchoma ndani ya mkate. Leo chakula hicho kimekuwa kama cha Wajerumani wenyewe.

Kwa upande wa pili, tangu miaka ya mwisho ya 1980 watu zaidi ya milioni 2 wenye asili ya Kijerumani wamehamia huko kutoka Urusi, Kazakhstan na sehemu nyingine za uliokuwa Muungano wa Kisovieti. Hao walikwenda na borshi yao, samaki wao wa chumvi na chapati zao nyepesi ziitwazo blini, ambazo Mswahili akiziona angezifananisha na chapati za maji. Lakini walipokewa kama raia, na njia za ajira nyingine zilikuwa wazi kwao. Maduka ya vyakula vya nyumbani kwao yalifunguliwa mengi, nao wakanunua na kupika majumbani mwao. Migahawa kwa ajili ya jirani Mjerumani haikuwa lazima. Kwa hiyo jirani huyo anaijua kababu ya Mturuki vizuri kabisa, ilhali hajui kinachochemka katika sufuria ya mtu wa ghorofa ya juu yake.

Historia ya Warusi wenyewe inaeleza yaliyobaki. Kati ya mwaka 1881 na Vita ya Kwanza ya Dunia, Wayahudi wengi mno, wanaokadiriwa kufikia kama milioni 2, waliondoka Ulaya ya Mashariki kwenda Marekani, na sehemu kubwa yao walitoka katika himaya ya Urusi. Walikuwa wakikimbia umaskini na mashambulizi. Waliifikisha borshi New York, na ikapendwa. Lakini wenyeji waliipokea kama chakula cha Kiyahudi, wala si cha Kirusi. Hapana ajabu katika hilo: nchi iliyowatesa watu wake haiwezi kutazamia kwamba watalibeba jina lake kwa furaha wafikapo ugenini.

Baada ya Mapinduzi ya 1917 walitoka wengine: maofisa wa jeshi, wasomi, wasanii na watu wa tabaka la juu. Wengi walikwenda Paris, Berlin, Harbin na Shanghai. Baadhi walifungua migahawa, lakini mingi katika ile iliyosifika iliuza kumbukumbu kuliko chakula: muziki, mishumaa na mayai ya samaki ya bei kubwa. Mahali kama hapo mtu huenda mara moja kwa mwaka, tena akiwa na fedha. Chakula cha kuenea ni kile ambacho karani na kibarua wanaweza kukinunua mchana wa Jumatatu.

Halafu mipaka ikafungwa. Kwa miongo mingi raia wa Kisovieti hakuweza kuhama apendavyo. Ndani ya nchi nako, migahawa ya watu binafsi ilikomeshwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na kazi ya kulisha umma ikashikwa na kantini za Serikali. Kantini hizo ziliwalisha wafanyakazi mamilioni kwa bei nafuu, na hiyo si kazi ndogo. Lakini ufundi wa mtu mwenye mgahawa wake mdogo, anayepika, kuhesabu faida na kumbembeleza mteja, haukupata mahali pa kurithishwa. Mwaka 1987 ndipo vyama vya ushirika viliporuhusiwa kufungua migahawa mjini Moscow. Wengi waliohama baada ya hapo walikuwa wahandisi, waganga, wanahesabu na wanamuziki. Mtu aliyesomea uhandisi hafungui kibanda cha chakula ugenini ila akose njia nyingine.

Haifai, hata hivyo, kusema kwamba ladha haina sehemu yoyote. Wapolandi, Wajerumani na watu wa Skandinavia nao hula kabichi iliyochachuliwa, samaki wa chumvi na mkate mweusi. Mrusi alipofika Marekani alikuta mambo hayo yamekwisha tangulizwa na majirani zake, na mteja aliyetaka kitu kigeni hakukiona. Jina nalo lina uzito wake. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, iko migahawa iliyopungukiwa wateja kwa sababu tu ya kuitwa ya Kirusi. Mwezi Julai mwaka huo huo UNESCO iliuingiza upishi wa borshi wa Waukraine katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Chungu kimoja, wanaokidai ni wengi, na si rahisi kwa mgeni kukitenganisha chakula na vita.

Afrika ya Mashariki ina ushahidi wake katika jambo hili. Chapati, sambusa, bajia na achari hazikuletwa na matangazo. Zililetwa na watu wa kutoka Bara Hindi waliokuja kufanya biashara pwani, na wengine waliokuja kuijenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, wakabaki wakaishi na majirani vizazi kwa vizazi, hata mwenyeji akajifunza kusukuma chapati bila ya kuhesabu kwamba anaiga. Vivyo hivyo mandazi yalivuka bahari hadi Oman pamoja na jamaa waliotoka Zanzibar. Kwa upande mwingine, tangu miaka ya 1960 vijana wengi wa Kiafrika walisoma katika vyuo vya Muungano wa Kisovieti, kikiwamo kile cha Moscow kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Walikula borshi na uji mzito kwa miaka mitano au sita, wakarudi na shahada za uganga na uhandisi. Borshi haikurudi nao mitaani. Hawakuwa na sababu ya kuiuza, na hapakuwa na Warusi wa kuipika.

Hapa ndipo lilipo somo kwa mwenye kufikiri. Wako wasomi wanaouona ugali, makande na mchicha wa nazi kuwa vyakula duni, na hoja yao ni kwamba mbona havionekani katika migahawa ya London na New York. Hoja hiyo ni dada wa ile ya kwanza juu ya Warusi, na imekosea vile vile. Kutokuonekana ugenini ni habari ya uhamiaji, ya sheria, ya mtaji na ya kazi. Si cheti cha mtihani wa ladha.

Tena hali hiyo hubadilika watu wakiamua. Serikali ya Thailand ilianza mwaka 2002 mpango wa kuongeza migahawa ya Kithai duniani. Chakula chao kilikuwa kizuri hata kabla ya mpango huo. Kilichoongezwa ni njia ya kukifikisha na msaada kwa mpishi anayekwenda nacho. Taifa linalotaka vyakula vyake vijulikane halitafika kwa kujisifu katika maonyesho ya siku moja. Litafika kwa kumheshimu mama lishe na mpishi wa mgahawa mdogo, kumfundisha, kumkopesha, na kumhesabu kuwa miongoni mwa wanaolibeba jina la nchi.

Mwalimu atakayeulizwa darasani kwa nini chakula cha Warusi hakijulikani, basi, asijibu kwamba ni kibaya. Awaulize wanafunzi wake maswali matatu: ni nani walioondoka, waliondoka kwa nini, na walipofika waliachiwa kazi gani? Wakiyajibu hayo watakuwa wamejifunza historia, na hawatamdharau mtu kwa sababu ya chungu chake.