Hodi Isiyo na Jina

Katika miji ya Waswahili, mlango wa mtu haufunguliwi kwa nguvu bali kwa neno. Mgeni hupiga hodi. Akinyamaziwa huirudia ya pili, kisha ya tatu. Akikosa kukaribishwa hugeuka akenda zake, wala hanung'uniki. Adabu hii haikuzuka barazani. Sura ya An-Nur, katika aya ya 27 na ya 28, inakataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini, na inamtaka aliyeambiwa arudi kwamba arudi. Mafunzo ya Mtume yakaweka mpaka: mara tatu, basi.

Leo mlango wa mfanyakazi ni kioo cha simu, na hodi imepoteza mpaka wake. Mhasibu ameinamia hesabu za kufunga mwezi; tarakimu mbili hazikubaliani, naye amekaribia kuiona kasoro. Simu inatetemeka: "Shikamoo." Anajibu: "Marahaba." Kimya. Baada ya dakika kumi: "Za kazi?" "Nzuri." Kimya tena. Saa nzima ikishapita ndipo lije lenyewe: "Nilikuwa naomba ile risiti ya mafuta." Maneno sita yamekula asubuhi ya mtu, na ile kasoro imerudi mafichoni.

Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti juu ya gharama ya kukatizwa kazi. Waliokatizwa hawakuchelewa, walimaliza upesi zaidi, lakini kwa dhiki, kero na shinikizo kubwa zaidi. Basi asidanganyike mkuu wa ofisi aonaye kazi imekwisha: imekwisha, lakini aliyeifanya ndiye aliyeilipia.

Wapo watakaosema kwamba kutanguliza salamu na kusubiri ndio uungwana wenyewe, na kwamba kutaja haja papo hapo ni ujuvi wa kigeni. La hasha! Barua za wazee zilizovuka bahari baina ya Maskati, Lamu na Unguja zilijaa salamu, za mwandishi na za jamaa zake wote. Lakini baada ya salamu, katika karatasi ile ile, lilifuata jambo. Hakuna mtu wa Maskati aliyepakia jahazini salamu tupu wakati wa kaskazi, akangoja jibu lake limrudie na kusi, ndipo aulize bei ya karafuu.

Salamu si kosa; kosa ni kuigeuza ndoana. Imepokewa kwamba Jabir alipobisha mlango wa Mtume akaulizwa ni nani, alijibu kuwa ni yeye tu, bila ya jina. Na Mtume akalirudia neno lile kama aliyechukizwa nalo. Salamu tupu iliyotumwa kazini ni jibu lile lile: inamsimamisha mtu mlangoni, na haimwambii amesimamishiwa nini.

Ubaya huzidi hodi inapotoka juu. Mkubwa anayeandika saa nne za usiku, "Kesho uje unione," asiseme kwa nini, amemnyima mdogo wake usingizi kwa jambo ambalo huenda ni ufunguo wa stoo. Mdogo hana haki ya kunyamaza. Zile tiki mbili za buluu, zilizoingia WhatsApp mwaka 2014, zimekwisha kumshuhudia kwamba amesoma. Huu si uungwana. Ni cheo kilichovaa kanzu ya uungwana.

Salamu, haja na wakati inapohitajika viandikwe pamoja, katika ujumbe mmoja. Kisha aliyeandika atulie. La dharura lipigiwe simu. Na asiyejibiwa papo hapo asidhani amedharauliwa: mwenye nyumba yumo ndani, anafanya kazi.