Mashine ikizimika, chombo kwanza

Sisi tunaovuka Ziwa Mweru kati ya Kashikishi na Kilwa ya Kongo, na unga, samaki na vitenge vyetu, tuna la kujifunza kwa marubani.

Mwanafunzi wa urubani, hata wa ndege ndogo ya binafsi, haruhusiwi kuruka peke yake kabla ya kufundishwa la kufanya injini ikizimika mara tu baada ya kuruka. Kwanza anashusha pua ya ndege, isije ikapoteza mwendo ikaanguka. Pili anatafuta pa kutua mbele yake. Kugeuka kurudi uwanjani angali chini anakatazwa, maana kona hiyo humaliza kimo na mwendo alionao. Kutafuta kasoro ya injini huja mwisho, nafasi ikiwapo. Mazoezi hayo hurudiwa mara nyingi, kwa kuwa hofu ikiingia hakuna muda wa kufikiri.

Zambia inajua gharama yake. Usiku wa 27 Aprili 1993, ndege ya Jeshi la Anga iliruka Libreville, Gabon, ikiipeleka timu ya taifa Senegal. Injini moja ilipata hitilafu. Ripoti ya Gabon iliyotolewa mwaka 2003 ilisema rubani alizima injini iliyo nzima badala ya ile mbovu. Ilitaja pia taa ya tahadhari iliyokuwa na kasoro, na uchovu wa rubani aliyeirusha timu kutoka Mauritius siku moja kabla. Watu wote 30 walikufa. Maana yake ni kwamba hata mwenye mafunzo hushindwa akichoka na vifaa vikimdanganya. Je, asiye na mafunzo kabisa?

Nilipokuwa narudi nyumbani kutoka ukimbizini Zambia, nilikosomea hadi darasa la 12, mashine ya boti yetu ilizimika tukiwa bado tunaona paa za Kashikishi. Nahodha aliinama kuvuta kamba ya mashine, tena na tena. Boti ikageuka ubavu, mawimbi yakaingia. Mama mmoja mfanyabiashara ndiye aliyepiga kelele: "Shikeni kasia!" Kasia lilikuwa moja. Boya halikuwapo hata moja.

Yule nahodha hakuwa mzembe. Hakuna aliyemfundisha kwamba kwanza unaelekeza pua kwenye mawimbi, ndipo unagusa mashine.

Rai yangu kwa wenye boti na wakuu wa bandari za pande zote mbili: boti isiondoke bila makasia mawili, nanga yenye kamba ndefu na boya kwa kila abiria. Nahodha afanye zoezi la mashine kuzimika, tena karibu na ufuko.

Mtasema boya ni ghali na hula nafasi ya gunia. Ni kweli, nami huhesabu kila kwacha. Lakini zoezi halina bei, na kuuliza kabla ya kulipa nauli hakuna bei. Tulikimbia vita tukarudi wazima. Tusife majini kwa kukosa kasia.